Je, Wajua? Shaba ya Lualaba Ina Maua Yake

Kati ya Kolwezi, mkoani Lualaba, na Likasi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vilima kadhaa vinakatiza msitu wa miombo ghafla, kama vichwa vilivyonyolewa. Miti huishia pembeni kwa sababu udongo wa juu umejaa shaba na kobalti, sumu kwa mimea mingi.

Lakini vilima hivyo si vitupu! Watafiti wamehesabu zaidi ya aina 600 za mimea kwenye udongo wa namna hiyo huko katika mkoa wa zamani wa Katanga, na takriban 30 kati yake hazijulikani kuota penginepo duniani. Katika miaka ya 1950 mwanabotania Mbelgiji Paul Duvigneaud aliichunguza kwa kina.

Nyota wa mimea hiyo ni Haumaniastrum katangense, ua dogo la ukoo wa rehani. Watafuta madini walilifuata ili kuikisia shaba iliyo chini, na wanaakiolojia wamelitumia kutambua mahali ambapo wahunzi wa kale waliyeyushia madini. Lipo pia Crotalaria cobalticola, la jamii ya marejea, lenye maua ya manjano na jina linalotaja kobalti waziwazi.

Mpenda mimea aelekee mji wa Fungurume, kati ya miji hiyo miwili, mvua zinapokaribia kwisha. Vilima vingi vimo ndani ya maeneo ya migodi, hivyo aombe ruhusa kwanza. Na asikawie: kilima kikichimbwa, bustani yake huondoka pamoja na mawe. Baadhi ya mimea imehamishwa pamoja na udongo wake, mingine huhifadhiwa kama mbegu.