FEDHA ZA CHAMA ZIWEKWE WAPI?
Misingi ya Kupima na Kugawa Vitegauchumi



Mwaka 2024 bei ya kahawa ya robusta katika soko la London ilipita dola 5,000 kwa tani. Misimu ya namna hiyo huacha ziada katika mifuko ya vyama vyetu, na ziada ikionekana, mapendekezo hayachelewi. Wako watakaotaka chama kijenge nyumba ya kupangisha mjini, watakaotaka lori, na watakaotaka hisa za benki au za kiwanda. Wengine watasema fedha zigawanywe zote, kila mtu aende na chake.

Makala haya hayakusudii kuuchagulia mkutano mkuu. Yanakusudia kueleza jinsi ya kupima kila pendekezo kabla ya mikono kunyoshwa, ili uamuzi utokane na hesabu.

Maswali matatu

Kitegauchumi ni fedha tunayojinyima leo kwa matumaini ya kupata zaidi baadaye. Kila kitegauchumi, kiwe kikubwa au kidogo, hakina budi kuulizwa maswali matatu. Kwanza, kitaleta faida gani kwa mwaka baada ya gharama zote? Pili, ni jambo gani linaloweza kutupotezea fedha hizo, na kwa kiasi gani? Tatu, tukizihitaji ghafla, zitarudi mkononi baada ya siku ngapi?

Hakuna kitegauchumi kinachojibu vizuri maswali yote matatu. Fedha iliyomo katika akaunti ya kawaida hurudi siku hiyo hiyo, lakini faida yake ni ndogo. Jengo huweza kupanda thamani, lakini huwezi kuuza mlango mmoja ili ulipe deni la magunia. Mtu akija chamani akaahidi faida kubwa, isiyo na hatari, na inayotoka wakati wowote, Katibu amwombe maelezo hayo kwa maandishi na ayapeleke kwa Afisa Ushirika kabla ya kutoa hata senti moja.

Jinsi ya kupima faida

Tuchukue mfano wa chama kinachofikiria kujenga nyumba ya maduka kwa shilingi 24,000,000, ambayo kodi yake itakuwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Kwenye mkutano itasemwa kwamba nyumba italeta 3,000,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo haijakamilika. Tuondoe mwezi mmoja usio na mpangaji, 250,000, matengenezo, 400,000, kodi za Serikali na bima, 250,000, na gharama za usimamizi, 100,000. Kinachobaki ni 2,000,000, yaani kama asilimia 8.3 ya fedha iliyowekwa. Itachukua miaka 12 kurudisha mtaji.

Sasa tulinganishe na njia nyingine. Endapo hati fungani ya Serikali italipa asilimia 12 kwa mwaka, shilingi 24,000,000 zitaleta 2,880,000 bila fundi wala mpangaji. Lakini tusiharakishe kuhukumu. Mwisho wa muda hati fungani hurudisha shilingi zile zile 24,000,000, ambazo kwa kupanda kwa bei za vitu zitakuwa zinanunua kidogo kuliko leo. Nyumba huenda ikawa imepanda thamani. Aidha, mwenye hati fungani akilazimika kuiuza kabla ya muda wake anaweza kupata pungufu ya alichotoa, hasa ikiwa riba za sokoni zimepanda.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, ila huliwa polepole na kupanda kwa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, fedha iliyopata asilimia 3 imepungua nguvu, ingawa daftari linaonyesha imeongezeka. Kwa hiyo faida ya kweli ni ile inayobaki baada ya kuondoa gharama na kupanda kwa bei.

Hatari tuliyoiona kwa macho

Wanaushirika wa Bukoba na Muleba hawana haja ya kufundishwa hatari kwa mifano ya mbali. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa sababu ya upungufu wa mtaji. Mojawapo ilikuwa Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi, na kiwango cha juu cha fidia ya bima kwa mwenye amana mmoja kilikuwa shilingi 1,500,000. Kiwango hicho kimekwisha kupandishwa hadi 7,500,000, lakini kanuni ni ile ile: kilichozidi hapo husubiri mali ya benki iuzwe, na mwenye hisa husubiri nyuma ya watu wote.

Hapo pana mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, chama chenye wanachama 400 na akaunti moja si watu 400 mbele ya bima. Ni mwenye amana mmoja. La pili, chama ambacho kingekuwa na amana na hisa katika benki hiyo hiyo moja kingepatwa mara mbili kwa tukio moja. Kuwa na benki yetu wenyewe ni jambo la heshima, na Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025 inastahili kuungwa mkono kwa macho yaliyo wazi. Tuwe wenyeji wake, tusome hesabu zake zilizokaguliwa, lakini tusiweke humo kila tulicho nacho.

Hatari ya majengo nayo tunaijua. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye kipimo cha 5.9, liliangusha na kupasua nyumba nyingi Bukoba Mjini na vijijini. Chama ambacho rasilimali yake yote ni majengo katika mji mmoja, tena bila bima, kimekabidhi miaka ya jasho la wanachama kwa sekunde chache.

Fundisho la kibanja

Kuhusu kugawa vitegauchumi, mkulima wa Kagera ni mwalimu kuliko vitabu. Kibanja hakina zao moja. Migomba hutoa chakula mwaka mzima, kahawa hutoa fedha kwa msimu, maharage hukomaa haraka, na miti ya kivuli husubiri siku ya kujenga. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulipoingia mkoani katika miaka ya 1990, migomba iliendelea kulisha nyumba. Mnyauko wa migomba ulipokuja katika miaka ya 2000, kahawa haikuugua nao. Wenye kibanja waliumia, lakini hawakuangushwa siku moja na mazao yote.

Maana yake ni kwamba wingi peke yake si kinga. Tuseme chama kina ghala la kahawa, lori la kubebea kahawa, hisa katika kiwanda cha kahawa, na mikopo kwa wakulima wa kahawa. Kwa hesabu ya vidole ni vitegauchumi vinne. Kwa hesabu ya hatari ni kimoja. Mwezi Julai 1989, mgawo wa mauzo uliokuwa chini ya Mapatano ya Kahawa ya Kimataifa uliposimamishwa, bei duniani ilishuka kwa karibu nusu. Chama chetu cha mfano kingeona ghala tupu, lori limesimama, gawio hatarini na mikopo hailipwi, vyote kwa msimu mmoja.

Si kosa kuwa na hisa katika kiwanda kama TANICA hapa Bukoba, ambamo KCU ni mwenye hisa. Kuongeza thamani ya zao letu ni shabaha ya ushirika. Lakini kwa kuwa mashamba ya wanachama tayari yanategemea kahawa, sehemu ya akiba ya chama yafaa iwe mahali ambapo bei ya kahawa haifiki. Ziko dhamana za Serikali za muda mfupi usiozidi siku 364, na hati fungani za miaka 2 hadi 25, ambazo hupatikana kupitia Benki Kuu. Iko mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama Mfuko wa Umoja ulioanza mwaka 2005. Ziko pia hisa za makampuni katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998. Hizo hupanda na kushuka, hivyo zataka fedha ya kukaa miaka mingi.

Kila shilingi na wakati wake

Kabla ya kuuliza fedha iwekwe wapi, tuulize itahitajiwa lini. Chama cha mfano chenye shilingi 60,000,000 chaweza kuzigawa hivi: 20,000,000 za shughuli za msimu, zikae benki na kutolewa wakati wowote, 15,000,000 za dharura, katika amana au dhamana za muda mfupi, na 25,000,000 za muda mrefu, zisizozidi 10,000,000 mahali pamoja. Viwango vitatofautiana kwa kila chama. Utaratibu ndio wa kufuatwa.

Kosa linaloumiza zaidi ni kujengea ukuta fedha za msimu. Kahawa inaanza kuiva, chama hakina fedha ya kumlipa mkulima, naye ana ada ya shule au mgonjwa nyumbani. Hapo ndipo mnunuzi wa butura anapokaribishwa, na kahawa inauzwa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Jengo la chama litasimama zuri barabarani, wakati mwanachama analipa gharama yake kwa kahawa aliyokwisha kuiuza kabla ya kuvuna.

Wajibu wa Katibu na wa mkutano

Fedha za chama si za Kamati wala si za Katibu. Kila pendekezo lifikishwe kwenye mkutano mkuu likiwa na karatasi moja inayojibu maswali yale matatu kwa tarakimu, likilinganishwa na angalau njia nyingine moja. Masharti ya chama na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 yazingatiwe, na kibali cha Mrajis kitafutwe panapotakiwa, kabla ya malipo. Hati zihifadhiwe kwa jina la chama. Kila mwaka, hesabu zilizokaguliwa zinaposomwa, wanachama waelezwe kila kitegauchumi kilitarajiwa kuleta nini na kimeleta nini.

Mwanachama asione haya kuuliza. Swali moja lililoulizwa mkutanoni kabla ya fedha kutoka lina thamani kuliko malalamiko mia baada ya kupotea. Tahadhari kabla ya hatari.