Chai ya Kijani na Vidonda vya Tumbo

Siku hizi vikundini utasikia ati chai ya kijani inaponya vidonda vya tumbo. Kuna wanaoacha dozi ya hospitali katikati na kununua pakiti za majani kwa bei ya juu. Maneno haya yana ukweli kidogo, na huo ukweli kidogo ndio unaopotosha watu.

Vidonda vingi huletwa na bakteria iitwayo Helikobakta pailori. Barry Marshall na Robin Warren waliikuza kwa mara ya kwanza kule Perth, Australia, mwaka wa 1982. Kabla ya hapo lawama ilikuwa kwa pilipili na mawazo mengi. Mwaka wa 1984 Marshall alikunywa bakteria hao yeye mwenyewe, tumbo likamvimba ndani. Mwaka wa 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. (Aspirini na ibuprofeni zikimezwa ovyo nazo huchimba vidonda.)

Sasa chai. Mkulima wa Kericho au Murang'a anajua jani ni lile lile. Likisagwa na kupigwa hewa huwa jeusi. Likipitishwa mapema kwenye mvuke au joto hubaki kijani, na katekini zake hubaki nyingi. Hizo ndizo huleta ule ukakasi mdomoni. Katika maabara, katekini huzuia bakteria hawa kukua, tena hudhoofisha kimeng'enya kinachowakinga na asidi. Huko Japani zilipunguza bakteria kwa wanyama wadogo jamii ya panya.

Lakini chupa ya maabara si tumbo. Chai hupita haraka, na bakteria wamejificha chini ya ute mzito. Kinachowamaliza ni antibaiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Ukikatiza, wanaobaki wanaweza kuwa sugu, na dozi ya pili ni ngumu zaidi.

Basi pimwa kwanza. Mara nyingi kinyesi kinatosha. Maliza dawa hata kama uchungu umeisha siku ya tatu. Ukitapika damu, au ukipata choo cheusi kama lami, usingoje siku ya mkutano: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Anayependa chai ya kijani anywe tu. Ila akina mama waja wazito wangoje kama saa moja baada ya kula, kwa maana chai, iwe ya kijani au ya rangi, huzuia madini ya chuma ya sukuma na maharagwe yasiingie mwilini vizuri.