Namba Tasa Ndani ya Simu ya Dalali wa Dhahabu

Dalali wa dhahabu Geita anapomwandikia mnunuzi bei ya gramu kwa WhatsApp, au kijana wa Songwa, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, anapomtumia mama yake picha, simu huifunga siri hiyo kwa msaada wa namba moja ndefu. Ina tarakimu 77. Inaanza na 578960 na kuishia na 949. Kwa mkato ni 2 kwa kipeo cha 255, toa 19.

Namba hiyo ni tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama zilivyo 7 na 13 za shule ya msingi. Mmarekani Daniel Bernstein aliijengea mfumo wake, Curve25519, mwaka 2005.

Hakuvutiwa na ukubwa. Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, aliyoipata Luke Durant Oktoba 2024, ina tarakimu 41,024,320, na dalali hana kazi nayo. Bernstein alitaka iliyo jirani kabisa na kipeo cha 2, maana kompyuta huhesabu kwa mbili-mbili. Hebu tushuke kutoka kwenye kipeo hicho. Ukitoa 1, jibu linagawanyika kwa 7. Ukitoa 3, linaishia na 5. Ukitoa 5, linagawanyika kwa 3. Zote zinaanguka hivyo hadi 19, na hapo ndipo inasimama ya kwanza iliyo tasa.

Faida yake ni wepesi. Hesabu huzunguka kama saa ya ukutani: saa nane ukiongeza saa saba unafika saa tatu. Jibu likivuka kipeo cha 255, kilichozidi huzidishwa kwa 19 na kurudishwa ndani. Hata simu ya bei nafuu huimaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua.

Ina pia urembo usio na kazi sokoni. Ukiigawa kwa 4 inabaki 1. Kwa hiyo, kama 13 ilivyo 4 jumlisha 9, nayo ni jumla ya vipeo viwili vya pili, tena kwa njia moja tu.

Namba yenyewe si siri. Yeyote anaweza kuiandika. Siri ni idadi ya miruko ambayo kila simu hupiga juu ya mchirizo wa kihisabati, ikitangaza pale ilipotua tu. Kuirudisha hesabu hiyo kinyumenyume, kwa mbinu bora zinazojulikana, kunadai hatua ambazo idadi yake ina tarakimu 38.

Lakini mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kuwa kompyuta ya kwanta yenye nguvu ya kutosha ingeimaliza upesi. Haijajengwa bado, ila Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vya kuihimili. Kimojawapo kinatumia namba tasa ya tarakimu nne tu: 3329.