Lamu si picha ya kalenda

Aghalabu safari za shule zetu hukomea Mombasa. Wanafunzi huzungushwa ndani ya Fort Jesus, hupigwa picha chini ya pembe zile za barabara ya Moi, kisha basi likageuzwa. Ni shule chache mno zinazoendelea hadi Garsen, zikafika Mokowe na kuvuka kwa mashua hadi Lamu. Sababu zipo: njia ni ndefu, nauli ni ghali, na tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014 wazazi wengi huiogopa barabara hiyo. Hofu hiyo haina budi kuheshimiwa. Hata hivyo, walimu wenzangu, kuna hasara tunayoipata ambayo haiandikwi katika hesabu za bodi ya shule.

Tazama vile tunavyofundisha tenzi. Mwanafunzi wa Kisumu au Nyeri hukutana na maneno kama mato, ndia, nti na moya, akaambiwa kuwa ni "lugha ya kishairi", yaani lugha iliyokufa, iliyozikwa vitabuni. Akishuka gatini Lamu atamsikia mchukuzi mwenye punda akiyatamka maneno yayo hayo alfajiri, akiomba apishwe ndia. Ni Kiamu, si kiinimacho cha washairi. Kiunguja kilipoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kiamu hakikunyamaza. Kilikosa vitabu vya shule, basi.

Mji wenyewe, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ni karakana iliyo wazi. Katika vichochoro vya Usita wa Mui utawakuta mafundi wamekaa chini, patasi mkononi, wakichonga miimo na mfaa wa mlango: maua, majani, minyororo. Kando ya fundi hukaa kijana anayejifunza kwa macho kabla hajaruhusiwa kugusa mbao. Ukienda Matondoni utaona majahazi yakiundwa ufukweni, na wanawake wakisuka mikeka na makuti. Hawa hawajiiti wasanii. Wanafanya kazi.

Wenye nafasi wavuke hadi kisiwa cha Pate. Hapo ndipo penye magofu ya mji ambao Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliuombolezea katika Al-Inkishafi, akizikumbuka nyumba zenye zidaka na watu waliozihama. Leo tumbaku hulimwa kati ya kuta hizo. Mwalimu anaweza kulieleza neno zidaka kwa kipindi kizima na wanafunzi wasilielewe. Akiwasimamisha mbele ya ukuta wenye vishubaka vya chokaa, hahitaji kusema lolote. Siyu, katika kisiwa hicho hicho, ilisifika kwa wanakili wa Misahafu na mafundi wa ngozi. Mumewe Mwana Kupona, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu. Mwana Kupona mwenyewe aliutunga utenzi wake kwa ajili ya bintiye mwaka 1858, na tangu hapo mabinti wasiohesabika wameusikia.

Wala utunzi haukukoma naye. Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu kama Ustadh Mau, aliyezaliwa Lamu mwaka 1952 na kuwa imamu wa Msikiti wa Pwani kwa miaka mingi, ametunga kwa Kiamu juu ya malezi, siasa na maradhi. Tungo zake zilienea kwa kanda za sauti kabla hazijawafikia wasomi. Ni wanafunzi wangapi wa kidato cha nne wamelisikia jina lake?

Sisemi kwamba mambo ni shwari huko. Nyumba nyingi za kale zimenunuliwa na wageni, na gati la kwanza la bandari mpya lililofunguliwa mwaka 2021 limewatia wavuvi wasiwasi kuhusu riziki yao. Kijana wa Lamu akiona kwamba patasi haimlishi, ataiweka chini, naye fundi hatakuwa na wa kumrithisha.

Kwa hiyo shule itakayojaliwa kufika isiwaachilie wanafunzi mchangani Shela kutwa nzima. Wapewe daftari, wagawanywe wawili wawili, waketi na mafundi kwa asubuhi moja na kuandika jina la kila kifaa na kila sehemu ya mlango kama linavyotamkwa pale. Fundi naye alipwe kwa muda wake, kama anavyolipwa mwenye mashua.