Wati Nane za Nini Ukiwa Bondeni?

Ukiulizia simu ya upepo kwenye maduka ya Kariakoo, au ya Luthuli Avenue kule Nairobi, kitu cha kwanza utakachotajiwa ni wati. Hii wati tano, hii nane, hii kumi kabisa, inafika mbali. Baada ya wati zitafuata tochi, redio ya FM, ukubwa wa betri na chaja ya mezani. Muuzaji hana kosa, anasoma kilichoandikwa kwenye boksi. Tabu ni kwamba kwa redio za aina hii, kuongeza wati tatu au nne hakubadilishi mambo sana. Mwenye kutumia redio ya ridhaa, yaani yule mwenye leseni ya kuwasiliana kwa kujifunza, kujaribu mitambo na kusaidia watu wakati wa dharura, bila kulipwa, huanza na swali jingine: nitakuwa nimesimama wapi, na nani atakuwa ananisikiliza?

Swali hilo limekuwa na uzito zaidi tangu redio hizi ziwe za bei ya chini. Zamani redio ya mkononi nzuri ilitoka Japani, kwa Yaesu, Icom au Kenwood, na ilimgharimu mtu mamia ya dola. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Baofeng ya China ikaleta UV-5R, ambayo leo unaweza kuipata kwa takriban dola 25. Inatoa wati nne hadi tano, ina chaneli 128, inafanya kazi kwenye masafa ya VHF na UHF, na inaweza kuchunga masafa mawili kwa zamu. Wanaridhaa wa siku nyingi waliibeza sana, kisha wengi wao wakainunua kimyakimya ya kuweka kwenye gari.

Kuibeza huko hakukuwa kwa chuki tu. Baadhi ya redio hizi zimepimwa zikakutwa zikimwaga mawimbi nje ya masafa zinayopaswa kutumia, na mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoa onyo kuhusu redio za bei rahisi zinazoweza kurusha mahali zisiporuhusiwa. Pia kipokezi chake huzidiwa kirahisi. Ukisimama karibu na mnara wa redio ya FM, kituo unachokitaka kinaweza kumezwa kabisa. Ni hapo redio ya Kijapani inapoonyesha fedha zako zilikwenda wapi.

Kuipanga UV-5R kwa vidole ni kazi ya kumuumiza mtu kichwa. Tuseme unataka kutumia ripita, yaani mtambo uliowekwa mahali pa juu ambao hupokea sauti kwenye masafa mamoja na kuirusha upya kwa nguvu kwenye mengine. Unaandika masafa ya kusikilizia. Unabonyeza MENU, 13, unachagua toni ndogo isiyosikika ambayo ndiyo ufunguo wa kuiamsha ripita hiyo. Menyu 27, unachagua namba ya chaneli, unahifadhi. Unatoka, unaandika masafa ya kusemea, ambayo kwenye VHF mara nyingi yanapishana na yale ya kwanza kwa kilohezi 600, kisha unarudi menyu 27 na kuyahifadhi kwenye chaneli ileile. Ukikosea hatua moja, utaisikia ripita vizuri tu, lakini yenyewe haitakusikia. Ndiyo maana wengi hununua kebo, wakatumia programu ya bure iitwayo CHIRP, na kujaza chaneli zote kwenye kompyuta kama mtu anayejaza jedwali la mahudhurio.

Ila kupanga si lolote mbele ya umbo la dunia. Mawimbi ya VHF na UHF huenda karibu sawa na macho yanavyoona: yakikuta kilima au ghorofa, mengi yanaishia hapo. Kuna hesabu inayotumiwa na mafundi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita hadi kwenye upeo wa redio. Antena iliyo mita moja na nusu kutoka ardhini inapata kilomita tano. Watu wawili waliosimama kwenye uwanda ulio wazi wanagawana kumi, na katikati ya mji hata hizo hawazipati. Panda juu ya paa la ghorofa lenye mita 30, upeo wako peke yako unakuwa zaidi ya kilomita 22. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, hesabu hiyohiyo inatoa kilomita 300 na ushee, kiasi kwamba Mombasa inaingia ndani. Hakuna wati zilizoongezwa hapo. Ni miguu tu iliyopanda.

Linganisha na kuongeza nguvu. Ukitoka wati tano hadi kumi, anayekupokea ataona ishara yako imepanda nusu ya hatua moja kwenye kipimo cha redio yake. Sauti iliyokuwa inaeleweka itaeleweka, iliyokuwa imefukiwa na mkwaruzo itabaki humo. Wewe, kwa upande wako, utakuwa umemaliza betri mapema.

Antena ndiyo yenye faida. Kile kijiti cha mpira kinachokuja na redio ni kifupi mno kwa VHF, na kinategemea mwili wa redio na mkono wako kukamilisha kazi. Wanaridhaa wana ujanja wa karibu bure: waya laini wa sentimita 49 hivi, unaovuliwa ganda kwenye ncha moja na kufungwa kwenye chuma kilicho shinani mwa antena, usiguse pini ya katikati, halafu ukaachwa uning'inie chini. Kwa masafa ya megahezi 145 urefu huo ni robo ya wimbi, na mara nyingi mtu wa upande wa pili ataona tofauti hapohapo. La pili halina gharama kabisa. Usiseme redio ikiwa kiunoni, kwa sababu mwili wa binadamu humeza mawimbi. Inyanyue hadi usoni na antena isimame wima. Walinzi wengi wanaolalamika kwamba redio zao mbovu wanaongea kwa maikrofoni ya begani huku redio imebanwa mkandani.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko angani. Mwaka 1983 mwanaanga Owen Garriott alibeba redio ya mkononi ndani ya chombo Columbia, akaweka antena dirishani, na kwa alama yake ya wito, W5LFL, akazungumza na wanaridhaa waliokuwa ardhini. Mmoja wao alikuwa Mfalme Hussein wa Jordan, ambaye mwenyewe alikuwa na leseni na alama ya JY1. Leo Kituo cha Kimataifa cha Anga kina mitambo ya ridhaa, na kinapopita juu ya Afrika Mashariki wakati mitambo hiyo imewashwa, redio ya dola 25 iliyowekwa kwenye megahezi 145.800 inaweza kumsikia mwanaanga akiongea na wanafunzi wa shule fulani. Ni kilomita 400 hivi kikiwa utosini. Redio hiyohiyo inaweza kushindwa kutoka Kariakoo hadi Magomeni. Angani hakuna ghorofa. Kwa dakika kama kumi hakuna kitu kati yenu, kisha kinazama upande wa pili na unabaki na mkwaruzo.

Redio za ghali zina mambo mengi zaidi. Icom ID-52, Yaesu FT5D na Kenwood TH-D75 zina GPS na Bluetooth, na zinasema kwa dijitali. Hizo mbili za mwisho zinaweza pia kutuma mahali ulipo kwa mfumo wa APRS, ambao Mmarekani Bob Bruninga aliuanzisha; kwa watu wanaomtafuta mwenzao aliyepotea mlimani hilo si pambo. Kinachonitia shaka ni ile sifa inayopigiwa debe zaidi, ya kuongea na Toronto ukiwa Mombasa. Redio yako haifiki Toronto. Inafika kwenye ripita au kisanduku kidogo kilichopo nyumbani, na sehemu iliyobaki inabebwa na intaneti. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani, mwenye kutegemea njia hiyo alikuwa kwenye foleni moja na mwenye WhatsApp. Redio mbili za mkononi za kawaida, kutoka kilima hadi kilima, hazikuhitaji habari za nyaya.

Kwa dharura, tusiitwishe redio ya mkononi mzigo usio wake. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilipovipiga Visiwa vya Andaman, Mhindi Bharathi Prasad, VU2RBI, alikuwa Port Blair na wenzake kwa shughuli za ridhaa. Mitambo yao ikageuka njia ya kupeleka habari za waliopona. Kuvusha bahari namna ile ni kazi ya redio kubwa za mawimbi mafupi zenye antena ndefu. Redio ya mkononi inafaa kwa kipande cha mwisho: kutoka zahanati hadi ghala, kutoka daraja lililovunjika hadi kwa mwenye redio kubwa. Tena inafaa kama watu hao wameshakubaliana chaneli na saa kabla ya mafuriko, kwani hakuna kitabu cha namba cha kumtafutia mtu.

Sheria nayo haina mzaha. Tanzania leseni hutolewa na TCRA, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano, na alama za wito huanza na 5H na 5Z. Masafa ya ridhaa huku kwetu ni megahezi 144 hadi 146 kwa VHF, na ya UHF yako kwenye 430. Biashara hairuhusiwi humo, wala kuficha maneno kwa msimbo. Kwa hiyo kampuni ya utalii inayoita magari yake kwa chaneli za ridhaa iko nje ya sheria, hata kama redio inakubali. Redio itakubali mengi: UV-5R ina uwezo wa kuingia hata kwenye megahezi 156.8, chaneli 16 ya vyombo vya baharini, ambayo nahodha anayetoka Mafia anaitegemea kuombea msaada. Huko hakuna ruhusa ya kuchezea. Kanuni za kimataifa zinamwachia aliye hatarini atumie njia yoyote aliyonayo, lakini majaribio si hatari.

Ukishapata leseni, nunua ya wati tano na bakiza fedha. Zilizobaki ziende kwenye antena ndefu, kebo ya kupangia na betri ya pili. Kwa anayeishi mbali na umeme, kuna kikasha kinachochukua nafasi ya betri na kupokea zile betri ndogo za dukani za tochi. Kinauzwa peke yake, na wauzaji wachache hukumbuka kukitaja.