Uteuzi wa Grisi ya Joto kwa Kadi ya Michoro Inayopata Joto Kupita Kiasi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuteua grisi ya joto kwa ajili ya kadi ya michoro inayopata joto kupita kiasi inapotumiwa kwa kazi ndefu za kitafiti. Hoja kuu ni kwamba kiwango cha upitishaji joto kinachochapishwa kwenye kifungashio, ambacho ndicho wanunuzi wengi hukitazama kwanza, kina uzito mdogo kuliko mambo mawili yasiyochapishwa: unene wa tabaka linalobaki baada ya skrubu kukazwa, na uwezo wa grisi kubaki mahali pake kadi inapopata joto na kupoa mara kwa mara. Hoja inafafanuliwa kwa hesabu fupi na kwa tajriba ya mwandishi akiwa Dar es Salaam.

1.0 Utangulizi

Kadi ya michoro ilizoeleka kuwa kifaa cha wachezaji wa michezo ya kompyuta na wahariri wa video. Hivi sasa mtafiti wa isimu naye anaihitaji, kwa kuwa modeli za kutambua matamshi na za kutafsiri hufunzwa kwa kadi hizo. Katika utafiti wangu wa uzamivu nilitumia kadi aina ya RTX 3060 ya kampuni ya NVIDIA, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, kufunza modeli mbili za kutambua matamshi kutokana na rekodi za masimulizi ya wazee. Kazi ilifanyika mwezi Februari katika chumba kisicho na kiyoyozi, ambamo kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 32 za Selsiasi alasiri.

Modeli ya pili ilichukua muda mrefu zaidi kuliko ya kwanza. Nilikwisha kuandika aya nzima nikieleza ucheleweshaji huo kwa misingi ya muundo wa modeli yenyewe, na aya hiyo ilisomeka vizuri. Nilipochunguza kumbukumbu za kadi ndipo nilipobaini kwamba modeli ya kwanza ilifunzwa usiku, na ya pili ilianza saa sita mchana kadi ikiwa inajipunguza kasi ili isiungue. Jedwali nililotarajia kuliweka katika sura ya nne lilikuwa limepima joto la chumba changu.

Kwa sababu hiyo suala la grisi ya joto halipaswi kuachiwa mafundi peke yao. Utafiti wowote unaolinganisha muda wa ukokotoaji bila kuripoti halijoto ya kadi una mwanya ambao mtahini ana haki ya kuuhoji.

Neno moja kuhusu istilahi. Mafundi niliowahi kufanya nao kazi huita kitu hiki “pesti”, kwa kukifananisha na dawa ya meno. Nimechagua “grisi ya joto” kwa kuwa neno grisi tayari linambebea msomaji picha ya kitu kizito kinachopakwa kati ya vyuma viwili, ingawa grisi ya baiskeli hupunguza msuguano ilhali hii hupitisha joto.

2.0 Je, tatizo ni grisi?

Kabla ya kununua chochote, inafaa kuhakikisha kwamba kosa ni la grisi. Vumbi lililoziba mapezi ya kipozajoto, feni iliyokwama na kasha la kompyuta lisilo na njia ya hewa huleta dalili zinazofanana. Joto la chumba nalo linadanganya. Kadi inayofikia nyuzi 75 katika maabara yenye nyuzi 21 itakaribia nyuzi 86 katika chumba chenye nyuzi 32, kwa sababu kinachobaki takriban vilevile ni tofauti kati ya kadi na hewa inayoizunguka. Msomaji wa Tanga au Mombasa anayelinganisha kadi yake na majedwali ya Ulaya bila kufanya marekebisho haya atanunua grisi asiyoihitaji.

Kipimo kinachotofautisha hali hizi ni pengo kati ya joto la wastani la kichakataji na joto la sehemu yake yenye moto mkali zaidi. Programu za bure kama HWiNFO na GPU-Z huonyesha vipimo vyote viwili kwa kadi nyingi. Kipozajoto kilichojaa vumbi hupandisha vipimo hivyo pamoja. Grisi iliyokwisha katika sehemu fulani ya silikoni huacha sehemu hiyo ikiungua peke yake, na pengo hupanuka. Pengo la nyuzi 10 hadi 15 ni la kawaida kwa kadi nyingi. Likizidi 25, kuna sababu ya kufungua skrubu. Kwangu wastani ulikuwa nyuzi 83 na sehemu kali nyuzi 107.

3.0 Hesabu ya tabaka jembamba

Silikoni ya kichakataji cha RTX 3060 ina eneo la takriban milimita za mraba 276, karibu sawa na ukucha wa kidole gumba cha mtu mzima, na kadi nzima imepangiwa kutumia wati 170. Juu ya silikoni hukaa bamba la kipozajoto, ambalo aghalabu ni la shaba. Nyuso hizi huonekana laini kwa macho, lakini zina mabonde na miinuko midogo, na zikigusanishwa zikiwa kavu hewa hubaki mabondeni. Shaba hupitisha joto kwa takriban wati 400 kwa mita kwa kelvini. Hewa iliyotulia hupitisha 0.026 tu. Kazi ya grisi ni kuifukuza hewa hiyo. Grisi haipozi kitu. Ni daraja, na ni daraja baya likilinganishwa na shaba. Kwa hiyo inayotakiwa ni ile tu inayotosha kujaza mabonde.

Tuchukulie kwamba wati 120 zinapita katika silikoni na kuenea sawasawa. Tofauti ya joto kati ya pande mbili za tabaka la grisi hupatikana kwa kugawa unene wa tabaka kwa zao la upitishaji na eneo, kisha kuzidisha kwa wati. Grisi ya MX-4 ya Arctic imetangazwa kuwa na upitishaji wa 8.5, na Kryonaut ya Thermal Grizzly 12.5. Kwa tabaka la mikromita 50, ya kwanza inatoa tofauti ya nyuzi 2.6 na ya pili nyuzi 1.7. Mnunuzi anayelipia namba kubwa anapata, kwa hesabu hii, pungufu ya nyuzi moja. Tabaka la grisi yenye 12.5 likiwa na unene wa mikromita 100, tofauti inafikia nyuzi 3.5, yaani grisi yenye namba kubwa inashindwa na yenye namba ndogo iliyokaa kwa wembamba.

Hesabu hii imerahisishwa. Joto halienei sawasawa katika silikoni, na mgusano wa grisi na kila uso una ukinzani wake, hivyo tofauti halisi huwa kubwa kuliko hizi. Uwiano, hata hivyo, unabaki: kupunguza unene kwa nusu kuna faida sawa na kuongeza upitishaji maradufu. Kuna pia tatizo la namba zenyewe. Kipo kiwango cha upimaji kinachojulikana kama ASTM D5470, lakini si kila muuzaji hueleza alivyopima, na namba mbili zilizopimwa kwa njia mbili hazilinganishiki.

4.0 Kwa nini grisi huhama

Pengo la nyuzi 24 nililoliona halielezeki kwa tofauti ya 8.5 na 12.5. Linaeleweka tukizingatia kwamba grisi huhama. Silikoni hutanuka kwa takriban sehemu 2.6 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya ongezeko la joto. Shaba hutanuka kwa takriban 17. Kila kazi inapoanza, nyuso hizi hutanuka kwa viwango tofauti na kupinda kidogo, inapokwisha, hurejea. Grisi iliyo katikati husukumwa pembeni kidogo kidogo, mfano wa ugali laini unaobanwa kati ya viganja. Mapengo yanayobaki huingiwa na hewa, ambayo kwa unene uleule huzuia joto zaidi ya mara 300 kuliko grisi yenye upitishaji wa 8.

Hapa ndipo kadi ya michoro inapotofautiana na kichakataji kikuu cha kompyuta ya mezani. Kichakataji kikuu kwa kawaida hufunikwa kwa kifuniko cha metali kinachotawanya joto, na grisi hupakwa juu ya kifuniko hicho. Kwenye kadi ya michoro grisi hukutana na silikoni tupu, na mabadiliko ya joto huwa ya haraka na makali. Grisi laini inayosifiwa kwa vichakataji vikuu inaweza kutoa matokeo mazuri sana kwenye kadi kwa wiki chache, kisha joto likaanza kupanda tena. Majaribio mengi yanayolinganisha grisi hufanywa kwa saa kadhaa tu, kwa hiyo hayawezi kuuona udhaifu huu.

5.0 Uteuzi

Kutokana na maelezo hayo, sifa ya kwanza ya kutafuta ni mnato. Grisi nzito, ambayo ni kazi kuitandaza na ambayo mpakaji huichukia, hukaa vizuri zaidi kwenye silikoni tupu. Ina kasoro yake: isipokandamizwa vya kutosha hubaki nene. Kwa kadi ambayo skrubu zake na springi zake ni nzima, ningeichagua kabla ya grisi laini yenye namba kubwa.

Chaguo la pili, ambalo ndilo nililolichukua, ni karatasi inayobadili hali. Mfano unaojulikana ni PTM7950 ya Honeywell, ambayo pia imetumiwa na watengenezaji wa kompyuta mpakato. Katika joto la chumba ni karatasi. Ikifika karibu nyuzi 45 hulainika, huenea na kujaza mabonde, na shinikizo la skrubu huifanya iwe nyembamba sana. Upitishaji wake uliotangazwa ni 8.5 tu, na anayefuata namba ya kifungashio angeipita dukani bila kuitazama mara ya pili. Nguvu yake imo katika wembamba na katika kutosukumwa nje kirahisi. Matokeo yake kamili huonekana baada ya kadi kupata joto na kupoa mara kadhaa, hivyo isihukumiwe siku ya kwanza. Katika joto la pwani karatasi hii hulegea mno hata ganda la plastiki likakataa kubanduka. Kuiweka kwenye jokofu kwa dakika chache kunamaliza ugomvi huo.

Metali ya kimiminika, yaani aloi za galiamu, ina upitishaji unaozidi grisi zote, na siipendekezi. Hupitisha umeme, na tone moja likidondokea vijenzi vidogo vinavyozunguka silikoni linaweza kuiua kadi. Aidha, galiamu hula alumini. Dawa ya meno, ambayo bado hutajwa kwa mzaha na wakati mwingine kwa dhati, hufanya kazi hadi maji yake yanapokauka.

6.0 Pedi na upakaji

Kosa langu kubwa halikuhusu grisi. Chipu za kumbukumbu hugusana na kipozajoto kupitia pedi laini zenye unene maalumu, na zangu zilichanika nilipofungua. Nilizibadilisha kwa pedi za milimita 2 kwa kuwa ndizo zilizopatikana, ilhali za awali zilikuwa za 1.5. Kadi iliporudishwa ilipata joto kuliko mwanzo. Pedi nene zilikuwa zimekiinua kipozajoto, na silikoni ilikuwa haikandamizwi ipasavyo. Hakuna grisi ambayo ingeziba pengo hilo. Nilifungua upya, na alama iliyobaki kwenye bamba ilionyesha mgusano upande mmoja tu. Kupima pedi kuukuu sehemu ambayo haikubanwa, kabla ya kwenda dukani, kungeniokolea wiki moja.

Mengine ni mafupi. Kadi iendeshwe dakika chache kabla ya kufunguliwa ili grisi kuukuu ilainike, kisha izimwe na kuchomolewa kwenye umeme. Kipozajoto kiinuliwe taratibu, kwa kuwa nyaya za feni ni fupi. Uso usafishwe kwa pombe ya isopropili na uachwe ukauke kabisa. Grisi itandazwe juu ya silikoni yote, kwa sababu kona isiyofunikwa haina kifuniko cha kuisaidia. Skrubu zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, kila moja kidogo kidogo.

7.0 Athari kwa data

Baada ya kuweka karatasi na pedi za unene sahihi, katika chumba kilekile, wastani ulishuka hadi nyuzi 72 na sehemu kali hadi nyuzi 85. Nilipunguza pia ukomo wa umeme kutoka wati 170 hadi 140 kwa programu ya nvidia-smi, hatua isiyo na gharama ambayo ningepaswa kuianza nayo. Modeli zote mbili zilifunzwa upya, kila moja mara tatu, zikianza saa ileile ya usiku, na halijoto ya kadi ikirekodiwa kila sekunde 10. Tofauti ya muda niliyokuwa nimeifafanua kwa aya nzima ilitoweka karibu yote. Aya hiyo imeondolewa, na rekodi za halijoto zimewekwa katika kiambatisho pamoja na jedwali la awali, ili msomaji aweze kuyalinganisha mwenyewe.