Sauti ya Mukabi yarudi kutoka ng'ambo

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo walivyonena wahenga. Safari hii aliyepona ni mgeni. Mie mtu wa pwani, niliyelelewa kwa juzuu na ubao wa chuoni, nilikwenda Saboti, chini ya Mlima Elgon, kwa harusi ya mpwa wangu. Nilidhani nitarudi na gunia la mahindi. Nimerudi na deni, na deni lenyewe nalilipa hapa mbele yako, msomaji.

Jioni moja mvua ilitufungia nyumbani kwa mzee mmoja jirani, aliyepita miaka themanini. Mjukuu wake alitoa simu ya mkononi akafungulia nyimbo. Mara ikasikika gita kavu, kidole gumba kikishika besi, kidole cha shahada kikipamba sauti ya juu, na nyuma yake kwaruzo la chuma juu ya chupa ya soda, ile ya Fanta yenye mistari. Mzee aliweka kikombe cha chai chini. Akasema neno moja tu: "Mukabi."

Ndiye George Mukabi, mtu wa Kisa, katika Kaunti ya Kakamega ya leo, fundi mkubwa wa mtindo uitwao omutibo. Alitamba miaka ya 1950 kwa nyimbo kama "Sengula Nakupenda" na "Usiniambie Unaenda". Alifariki mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, naye angali kijana. Baada yake muziki wa benga ulishika nchi, magita ya umeme yakanguruma, na gita kavu likasukumwa pembeni. Mwaka 2017 makampuni mawili madogo ya Marekani, Olvido na Mississippi, yalizikusanya nyimbo zake katika santuri moja yenye jina "Furaha Wenye Gita".

Hapo ndipo ulimi wangu uliponiponza. Niliposikia jina hilo, ule ualimu wa kipwani ulinipanda kichwani. Nikasema, "Mzee, hapa pana kosa. Ingekuwa 'Furaha ya Wenye Gita'. Hii 'ya' imeanguka wapi?"

Mzee alinitazama kitambo, akacheka kwa upole. "Mwalimu," akaniambia, "mimi nilielewa hii wimbo bila hiyo 'ya' yako."

Kisha akanieleza. Ujanani mwake alifanya kazi katika shamba la mlowezi huko Trans Nzoia. Kwenye nyumba za vibarua walilala Wabukusu, Wasabaoti, Wateso na Waturkana, na kila mmoja alikuja na lugha ya mama yake. Jumamosi mmoja wao alitoa kinanda cha santuri, ikawekwa sahani ya Mukabi. Kwa kuwa nyimbo hizo zilikuwa za Kiswahili, hapana aliyeachwa nje. "Siku hiyo," alisema, "hata mtu ambaye tuligombana naye shambani tulicheka naye."

Niliona haya, msomaji. Sisi malenga hukata silabi kila siku ili mizani itimu. Tunaandika "sende" badala ya "usiende", tunageuza herufi ili vina vikae, na kuna majina ya heshima ya kuziita hila hizo: inkisari, mazda, tabdila. Mtu wa bara akikata silabi moja kwa ajili ya nyuzi zake, tunaita kosa. Hata huyo Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 na kuwafunza wengi wa Kenya kulipapasa gita, alikiimba Kiswahili chake, si cha Lamu wala cha Mvita. Lugha ilitoka bandarini ikapanda mlima, na huko mlimani ikapata watoto.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Mzee alikuwa na sanduku la santuri za kale za mizunguko 78. Sahani hizo ni tete kama kigae. Nyingine zilivunjwa na watoto, nyingine zilipasuka katika kuhamahama. Imebaki moja, nayo ina ufa. Kesho yake nilizunguka mjini Kitale kutafuta santuri hiyo mpya. Nilikuta vijana wanaouza nyimbo kwa kuzitia ndani ya simu, lakini Mukabi hawakuwa naye. Wimbo wa kwetu umehifadhiwa kule, na sisi tunausikia kwa bahati ya mjukuu.

Si mara ya kwanza. Fundi Konde wetu wa pwani naye nyimbo zake za kale zilikusanywa na RetroAfric ya London mwaka 1994. Abana ba Nasery wa Bunyore walitolewa na GlobeStyle ya Uingereza mwaka 1989. Nawashukuru wageni hao, aliyeokota hakuiba. Lakini tujiulize. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtunzi kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa Mukabi, miaka hiyo ilitimia mwisho wa 2013. Tulilala hadi muda ukapita. Sasa jamaa za wasanii wa kizazi hicho wanategemea utu wa mchapishaji, na utu hauna mahakama.

Kwa hiyo naomba. Mwenye sahani ya kale uvunguni asiitupe. Amwite kijana airekodi. Na mwenye kusahihisha Kiswahili cha wenzake, nikiwa mimi wa kwanza, asikilize kwanza.

Wenye gita washukuri, sauti haikuzama,
Imevuka na bahari, imerudi kwetu njema,
Kosa langu nalikiri, nililonena mapema,
Mukabi lala salama, Saboti yakukumbuka.